Kwa Kaka Yangu Asiyeuliza Maana

Kaka Lazaro, uliyenibeba mgongoni miguu yangu ilipokataa kutembea,

Nakuandikia kwa Kiswahili, tena chepesi, cha kusomwa na mtoto wa darasa la pili. Nimefanya makusudi, ili safari hii usilazimike kujifanya umeelewa. Kiingereza changu nilikimalizia kwenye karatasi ile nyingine, ile uliyoitia sahihi mwezi uliopita huko Kitwe, ukairudisha kwa mkono wa dereva wa lori pamoja na salamu kwamba umeisoma yote na hakuna neno lililokushinda.

Hiyo karatasi nitaifikia. Kwanza kaa. Kama una kiti, kalia kiti, na kama ni ukingo wa kitanda cha kambini, basi hapo hapo. Utaona bahasha imekufikia bila gundi. Sikuifunga. Dereva ataisoma, karani wa Tunduma anayepokea barua za watu wa migodini ataisoma, na wenzako watakaokuletea wataisoma. Waache wasome.

Nakumbuka mgongo wako, kaka. Nilikuwa na funza miguu yote miwili hata nikawa natambaa, na Mama alikuwa na palizi, wewe ukanibeba kutoka Igamba hadi Mbozi Mission nikatolewe funza kwa muuguzi. Ilikuwa asubuhi ya baridi kali, umande umelowesha kaptura yako mpaka kiunoni. Kila nilipolia hukunipa pole, ulinipa neno la Kiingereza. Nikilia, unasema, "Spuni ni kijiko. Sema!" Nasema. Nikilia tena, unasema, "Dogi ni mbwa. Sema!" Mpaka tunaliona paa la kanisa, nilikuwa na maneno tisa mdomoni na miguu nimeisahau. Siku ile niliamini hakuna mtu chini ya jua anayejua kama wewe. Niliwahurumia watoto waliokuwa na kaka wengine.

Leo nikihesabu, nadhani uliyokuwa nayo wewe mwenyewe hayakuzidi hayo kwa mengi.

Naanza na mgongo huo ili usije ukasema nimesahau wema. Sijasahau. Wema wako nimeuweka upande mmoja na lile la barazani nimeliweka upande wa pili, nikaangalia miaka yote hii upande upi unashuka.

Unaikumbuka baraza ile? Mimi nilikuwa na umri wa kama miaka tisa, nimesimama nyuma ya Mama nimeshika pindo la kitenge chake. Yule setla, Mzungu wa kahawa uliyekuwa nyapara wake, alitaka chemchemi yetu. Kahawa yake ilikuwa imeanza kuzaa sana, na mtambo wa kuoshea buni ulihitaji maji yasiyokauka kiangazi, na maji hayo yalitoka kwenye shamba la Mama, hatua chache kutoka kaburi la Baba. Mkalimani wa serikali alikuwa amelala na homa. Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa wilaya aliyekuja kuamua, alikuwa mgeni kabisa, Kiswahili chake hakijavuka "jambo" na "maji moto", na Mama alijua Kinyiha tu. Ndipo setla akasema nyapara wake anajua Kiingereza. Ukatoka mbele umenyoosha shingo, kofia mkononi, na ile kamusi nene uliyopewa na huyo tajiri wako ukiibana kwapani.

Mama alikuwa amejiandaa siku tatu. Alikuwa akiyasema maneno yake akipalilia, akiyarudia akisaga ulezi, mpaka mimi nikayashika. Aliyasema barazani bila kutetemeka: "Mwambie maji sikatai. Mwenye kiu aje anywe, na mwenye kahawa aje achote. Lakini shamba siliachi. Mume wangu amelala pale, na mimi nitalala pale."

Ukamgeukia Bwana Shauri, ukasema maneno manne. Nilishangaa jinsi Kiingereza kinavyoweza kubana maneno mengi namna ile. Nilidhani ndiyo sifa ya lugha yenyewe.

Bwana Shauri akazungumza kirefu. Alimtazama Mama, si wewe, na uso wake haukuwa mbaya. Mwishoni akasema jambo moja polepole, akainua kidole. Kisha akakuuliza kitu, nawe ukajibu haraka, "Yesi, sa!" Ukamgeukia Mama. Nayakumbuka maneno yako hata leo: "Mama, Bwana Shauri anasema amekusikia. Anauliza kama unashukuru."

Mama angefanya nini? Alifanya kama alivyolelewa, kama mwanamke yeyote wa kwetu anavyofanya mbele ya mkubwa aliyemsikiliza. Alipiga magoti, akainamisha kichwa, akapiga makofi polepole, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo. "Nashukuru, baba. Nashukuru sana." Wanawake waliokuwa nyuma yake nao wakapiga makofi wakimsaidia kushukuru. Bwana Shauri akatabasamu kuona watu wamefurahi namna ile, akaandika.

Mwezi haujaisha akaja tarishi na karatasi. Tuondoke kabla ya mvua za kwanza. Mama akauliza, "Nani alikubali?" Tarishi akamwambia, "Si wewe, mama? Ulipiga makofi mbele za watu."

Tukashuka Chitete kwa ndugu wa Mama. Wewe hukushuka nasi, ulikuwa na kazi. Sijui kama unajua joto la kule lilivyomfanya Mama, mtu wa baridi ya Mbozi. Alikuwa analoweka kitambaa anajifunika kichwani mchana kutwa. Lakini joto halikumuumiza kama mdomo wake. Alikuwa anakaa anaugusa na vidole, anasema, "Nilishukuru nini mimi? Ni kinywa changu hiki. Nimemuuza mume wangu kwa kinywa changu." Na tangu hapo, kaka, Mama hakumshukuru tena mtu yeyote. Akipewa chumvi, anapokea kimya. Akisaidiwa kubeba kuni, anageuka anaenda zake. Watu wa Chitete hawakuelewa. Walimwita mama asiye na shukrani, na watoto walilirudia jina hilo njiani. Mama yule yule ambaye Igamba alikuwa akishukuru hata mvua.

Ulikuja kututembelea mara moja, na sukari na kitambaa cha maua. Mimi nilikuwa natwanga mahindi, na nilikuwa naimba wimbo wangu wa kutwangia: "Ifu shi objekts, shi nidi onli sei so." Pigo moja la mchi kwa kila neno. Niliyashika maneno yale barazani, yale aliyoyasema Mzungu polepole na kidole juu. Unajua mtoto anavyoshika sauti. Sikujua maana hata ya moja, lakini yalikaa vizuri na mchi, basi nikawa nayatwangia kila siku.

Ulinyanyuka ulipokuwa umekaa ukanizaba kofi mpaka mchi ukaniponyoka. "Nani amekufundisha hayo?"

"Bwana Shauri," nikasema.

"Usirudie maneno ya Wazungu usiyoyajua! Unataka kutufunga?"

Mama alikuuliza mtoto amekosa nini, ukasema Kiingereza si chakula cha wanawake. Nilikuomba unionyeshe ile kamusi, mara moja tu, ukasema mikono yangu ina unga. Nikanawa. Ukasema bado. Siku hiyo nikajua mambo mawili: kwamba wimbo wangu una kitu ndani yake, na kwamba wewe unakiogopa.

Kofi lako ndilo lililonipeleka shule, kaka. Nilipopata umri wa kutumwa, nikaomba kazi za nyumbani kwa Bibi, mke wa mmishonari pale Mbozi Mission. Watu walidhani nimefuata mikate. Nilifuata maneno. Nilichukua kopo tupu la biskuti, na kila neno nililolipata niliandika kwa penseli nyuma ya karatasi za makopo ya jamu, nikalitia humo. Bibi aliponiona akacheka, kisha akaanza kunihifadhia karatasi hizo.

Nilikuwa na utaratibu wangu. Neno moja kwa siku, wala si mawili, maana mawili yanasukumana. Nikishalipata nalitumia mara tatu kabla jua halijazama, hata kama ni kwa kuku. Kuku wa Bibi walisikia Kiingereza kuliko Wanyiha wote wa upande ule. Niliyapanga kwa mahali yanapoishi: maneno ya jikoni, maneno ya kanisani, maneno ya ugonjwa, maneno ya watu wakikasirika. Hayo ya hasira ndiyo niliyoyapenda zaidi. Na lile nisilolijua niliuliza. Niliuliza mpaka mpishi akanipachika jina, akaniita Nini-Hii. Kuuliza si ujinga, kaka. Sijui nani alikuambia ni ujinga.

Wimbo wangu ulianza kufunguka kipande kwa kipande. "Shi" nililipata wiki ya kwanza, ni yeye mwanamke. Nikajua basi walikuwa wanamsema Mama. "Sei" ni kusema. "Onli" nililipata kwenye sukari, maana Bibi alikuwa anasema vijiko viwili tu. "Nidi" lilichukua miezi. Nikawa na sentensi yenye tundu moja katikati: kama yeye hivi, anachotakiwa ni kusema tu. Tundu hilo nililizunguka miaka miwili, sikutaka kumuuliza Bibi moja kwa moja, niliogopa atauliza nimelitoa wapi.

Halafu siku moja nilikuwa napiga pasi kitambaa cha meza, na Bibi na mumewe walikuwa wanabishana kuhusu mbwa kulala ndani. Bibi akasimama akasema kwa sauti neno lile, lile la tundu. Mikono yangu ikasimama. Mumewe alipotoka, nikamuuliza. Bibi akafikiri, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Unajua mchungaji anapotangaza ndoa Jumapili tatu? Anasema mwenye pingamizi aseme. Ndilo hilo. Kuwa na pingamizi."

Kama ana pingamizi, anachotakiwa ni kusema tu.

Kitambaa kiliungua, pasi ya mkaa ikaacha alama nyeusi pembeni, na Bibi hakunigombeza kwa jinsi nilivyokuwa nalia. Mzungu yule alimfungulia Mama mlango, Lazaro. Alimfungulia mbele ya watu wote, na kidole juu, na Mama alikuwa na pingamizi aliloliandaa siku tatu. Ulisimama katikati yao wewe, mtoto wake wa kwanza, ukamwambia ashukuru.

Mama tulikuwa tumemzika masika yaliyotangulia, huko huko Chitete, kwenye udongo wa joto asioupenda. Alikufa akiamini ni mdomo wake. Nilimpa maji ya mwisho, na hakuniambia asante, alinishika kifundo cha mkono tu akakibana. Wewe ulikuwa umeshavuka mpaka kwenda kwenye shaba. Ulituma blanketi.

Niliamini umetuuza. Niliamini hivyo miezi mingi, na nitakuambia ukweli, ilikuwa nafuu. Mtu aliyeuza unaweza kumchukia ukalala. Lakini nilipokwenda Chitete kuchukua vitu vya Mama, nililikuta sanduku lako, lile ulilomwachia akutunzie. Kufuli lilikuwa limeshakula kutu. Ndani, chini ya kofia yako, ilikuwapo kamusi.

Nilinawa mikono kwanza. Unaona, nilikuwa bado nakutii. Nikaifungua, na kurasa hazikufunguka. Kingo zake zilikuwa zimeshikana bado, kama zilivyotoka kiwandani, kutoka ukurasa wa pili mpaka wa mwisho. Ukurasa mmoja tu ndio uliokuwa umeshikwa na mikono, ule mweupe wa mbele. Hapo uliandika jina lako na kutia sahihi mara kumi na moja, ukijizoeza mkia wa herufi ya mwisho.

Nilikaa chini na kitabu mapajani. Hukutuuza. Hukujua tu alichosema yule mtu, na hukutaka baraza ijue kwamba hujui. Ungemwambia, "Samahani bwana, rudia," tungekuwa bado tunakunywa maji yetu. Debe tupu haliachi kuvuma, na sisi tukaondolewa kwa mvumo wako. Heri ungetuuza, kaka. Kwa kuuza ungekuwa umetuona kama watu wenye thamani fulani. Wewe ulituachia kwa kuona haya.

Na kofi lile la Chitete nikalielewa. Mtoto alikuwa anatwanga aibu yako uani.

Tangu siku ile sikukuombea mabaya. Nilikaa kimya nikaongeza maneno. Nikawa mwalimu hapa hapa, nafundisha wasichana, na kopo la biskuti likawa makopo manne. Nilijua iko siku utanihitaji, kwa sababu mtu asiyeuliza lazima siku moja amtegemee anayejua.

Siku ikaja na barua yako. Ulikuwa umesikia huko, nadhani kwa watu wa lori, kwamba setla anarudi kwao na kwamba Bwana Shauri wa sasa amesema wenye madai ya zamani walete maandishi. Barua yako ninayo hapa mbele yangu. "Mdogo wangu, niandikie maombi kwa Kiingereza kizito, maneno makubwa makubwa, wajue kwamba sisi si washamba. Sema tulitolewa kwa bunduki. Uweke jina langu peke yangu, mwanamke harithi shamba. Nitatia sahihi." Hukumtaja Mama hata mara moja. Hukuuliza amezikwa upande gani.

Kwa bunduki! Hapakuwa na bunduki pale, kaka. Palikuwa na wewe.

Nikaandika. Nilimwaga makopo yote manne kitandani nikachagua neno moja moja, kama mwanamke anayechagua mbegu. Nilitafuta yale marefu, yale ya mahakamani, yale ambayo hata mimi yalinichukua mwezi kuyazoea. Neno "relinquish" nililipa mstari wake peke yake. Ukimaliza barua hii utataka kujua maana yake, na safari hii nitakuambia bila kuombwa: ni kuachia kitu kilicho haki yako, kwa hiari, bila kushikwa mkono na mtu.

Lakini sikukutega gizani. Nilikuwekea kikaratasi cha Kiswahili juu yake, nikakipigia mstari mara mbili: "Kaka, kama kuna neno usilolijua, niulize kabla hujatia sahihi. Nitakueleza lote." Karani wa Tunduma ni shahidi, nilimwonyesha. Nilikupa kile ulichomnyima Mama.

Majibu yalichukua majuma matatu. Siku hizo sikuwa na hamu ya chakula. Nilikuwa naomba kanisani uulize. Hapana, nisidanganye kanisani na kwenye barua pia: nilikuwa naomba usiulize.

Hukuuliza. Uliandika, "Nimeisoma yote. Hakuna neno lililonishinda. Nimewasomea wenzangu kambini kwa sauti, wameshangaa sana, Wabemba wote wamesema mukwai kwa heshima, huyu ni msomi." Na sahihi yako ilikuwa chini, na mkia wa herufi ya mwisho umejikunja vizuri.

Basi sikiliza sasa ulichowasomea wenzako kwa sauti.

Karatasi inasema hivi: Mimi Lazaro ndiye niliyekuwa mkalimani siku ile. Sikuelewa alichosema Bwana Shauri, na niliona haya kumwomba arudie. Maneno ya mama yangu sikuyafikisha, na maneno aliyoambiwa sikumpa. Nilimwambia ashukuru, naye akashukuru kwa adabu yake, bila kujua anashukuru nini. Mama yangu hakukubali kuondoka. Kosa ni langu peke yangu, si la kinywa chake. Kwa hiyo naachia, kwa hiari yangu, haki yote ya mzaliwa wa kwanza juu ya shamba lile na chemchemi yake, viwe vya mdogo wangu wa kike, aliyekuwapo akakumbuka.

Ilisomwa Alhamisi iliyopita pale Igamba, mahali pale pale. Bwana Shauri huyu anajua Kiswahili, aliisoma kwa Kiingereza kisha akaitafsiri mwenyewe. Kwa Kinyiha niliifikisha mimi, nikisimama uliposimama wewe. Palipokuwa na jambo nisilolielewa nilimgeukia nikasema, "Samahani, bwana, rudia." Nilisema hivyo mara mbili. Mara ya pili ilikuwa kwa ajili yako tu, maana nilikuwa nimeelewa.

Wazee hawakuamini. Mzee Nzunda, aliyekuwa kijana siku ya baraza ile ya kwanza, akasimama na fimbo yake. "Mwanamume hawezi kuandika hivi juu yake mwenyewe. Tutajuaje ni mkono wa Lazaro?"

Nikatoa kamusi kwenye kikapu changu. Nikaifungua ukurasa wa mbele, zile sahihi kumi na moja, nikaiweka kando ya karatasi. Wakainama wote. Mzee Nzunda akapitisha kidole kwenye mikia yote, mmoja baada ya mwingine, kisha akajaribu kufunua ukurasa wa pili. Akajaribu tena kwa ukucha. Akanitazama.

"Mbona hakifunguki?"

"Hakijawahi kufunguliwa, baba," nikasema.

Kicheko kilichotoka pale, kaka, nadhani kilifika Vwawa. Kilianza kwa wazee, kikaenda kwa wanawake, kikarudi. Watu walifuta machozi. Najua mkuki kwa nguruwe mtamu, na najua wewe unausikia sasa hivi ukiingia. Nilicheka pia. Nimeambiwa na mchungaji nitubu kwa kicheko hicho, nami nimemwambia asubiri kidogo.

Kilipoisha, kulikuwa na vikongwe wanne kati ya wale waliopiga makofi nyuma ya Mama siku ile. Mmoja alikuwa analia. "Miaka yote nasema aliuza mwenyewe," akasema. "Nilisema kisimani, nilisema kanisani." Wakaondoka pale wote wanne bila kuambiwa na mtu, wakateremka mpaka kwenye chemchemi, wakapiga magoti kwenye tope na magoti yao yale ya uzee, wakapiga makofi polepole, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo. Walikuwa wanamwomba Mama radhi. Nilisimama nyuma yao na sikuwa na pindo la kushika.

Shamba tumepewa. Limeandikwa jina langu, kwa sahihi yako. Maji bado ni baridi, yanauma meno.

Ukitaka kurudi, njia haijafungwa. Utateremka Tunduma kama kila mtu, na kwa kuwa mibuni imebadilisha sura ya nchi, hutapatambua. Itabidi uwaulize watoto njia. Watakuonyesha, wanajua kuonyesha, lakini itabidi uulize. Ukifika nitakupa maji kwenye kibuyu, na kamusi yako utaikuta juu ya meza. Nimeanza kuikata kurasa zake kwa kisu, moja kwa siku.

Uliponibeba ulinipa maneno tisa, nami nimekurudishia karatasi nzima. Sasa unayajua yote niliyoyafanya na kwa nini, kwa lugha usiyoweza kusema imekushinda. Kama una pingamizi, kaka, unachotakiwa ni kusema tu.

Ni mimi,
mdogo wako, mtoto wa mama aliyeshukuru